Nabeba ndoo kichwani tangu mtoto ila pushapu hata moja siwezi, mikono inapataje nguvu?

BintiKibirizi

Mwakeye wana Kigoma na wengine wote. Naomba msaada wenu na naomba mnijibu kwa dhati maana hili jambo linaniumiza kweli.

Mi nna miaka 29, watoto wawili, kilo 62, kazi yangu dagaa. Nanunua vijiji vya huko kaskazini, Mwamgongo na mpaka Kagunga kukiwa na bei nzuri, nawaleta mjini, wengine nawatuma Tabora. Sasa kupanda boti pale Kibirizi sio kama kupanda daladala. Unaingia majini mpaka mapajani, unashika ubao wa pembeni, unajivuta unaingia. Wanaume ni sekunde tu wako ndani. Mimi nikishika ubao mikono inaanza kutetemeka, kifua kinagota kwenye mbao, naning'inia hapo mpaka vijana wawili wanivute huku na huku makwapani, yaani navyoingia mimi na lilivyoingia gunia hakuna tofauti. Mwezi uliopita mmoja alinishika pasipo pa kunishika na nikanyamaza, maana asiponivuta yeye nabaki majini na mzigo wangu unaondoka. Nimelia njia nzima. Sitaki tena.

La pili ni magunia. Gunia langu likishonwa linapimwa kilo 38 hivi, kila nikitaka kulipandisha kwenye guta lazima nimlipe mtu elfu moja. Safari moja magunia sita, kwa mwezi safari tatu au nne, pigeni hesabu wenyewe, hiyo ni hela ya daftari na sare za watoto.

Kinachonishangaza ni kwamba mimi sio mtu wa kukaa. Nabeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu darasa la kwanza, napanda nayo mlima bila kuishika, shingo yangu na miguu viko vizuri kabisa. Lakini juzi mdogo wangu wa kiume alinipima pushapu uani, hata moja sikupata, nilishuka nikabaki chini. Nguvu zimekwenda wapi?

Nilienda jimu moja hapa mjini nikalipia mwezi mzima. Yule mwalimu wa pale hata hakuniuliza nataka nini, akanionesha baiskeli ya kukalia akasema hii ndo ya wanawake, ya kupunguza tumbo. Nikamwambia mi nataka mikono, akasema ukishika vyuma utakuwa dume. Nilienda mara nne nikaacha. Na mama mkwe naye akasikia, akaniambia vyuma vinasogeza kizazi na bado anasubiri mjukuu wa tatu.

Naomba mnisaidie. Je mwanamke anaweza kupata nguvu za mikono na mabega kweli au ndo tumeumbwa hivi? Na kama inawezekana nianzie wapi bila jimu, nyumbani nina uwanja, madumu na mwembe basi.

---

Mnyamwezi_Isevya

Mwangaluka dada yangu. Pole sana kwa hilo la kwenye boti, pole tena. Mi niko Tabora hapa Isevya, mwaka wa tatu sasa nabeba chuma, na nilianza kama wewe, sikuwa na pushapu hata ya kuombea maji, kwa hiyo nisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Kwanza la ndoo. Ndoo ukishaiweka kichwani uzito unashuka kwenye shingo, uti wa mgongo, nyonga, miguu. Mkono kazi yake ni kuizuia isiyumbe tu, na wewe hata huishiki. Miaka yote hiyo umezoesha shingo, kiuno na miguu na ndo maana viko vizuri. Mwili unajenga kile unachotumikishwa tu. Kuvuta na kusukuma haujawahi kutumikishwa, kwa hiyo nguvu hazijaenda kokote, hazijawahi kujengwa.

Pili tuseme ukweli bila kudanganyana. Kwa wastani mwanamke ambaye hajafanya mazoezi nguvu zake za juu zinakuwa kama asilimia 50 mpaka 60 ya za mwanaume, wakati miguuni tofauti ni ndogo zaidi, kwenye asilimia 60 mpaka 70. Mwanaume ana misuli mingi zaidi na sehemu kubwa ya hiyo ziada iko kifuani, mabegani na mikononi. Kwa hiyo kijana akiruka kwenye boti na wewe ukaning'inia, sio uvivu wako, mmeanzia mahali tofauti. Lakini sasa sikiliza hapa, mkianza mazoezi wote wawili, kwa asilimia mnapanda sawasawa. Yeye akitoka kilo 40 akafika 52, wewe ukatoka 20 ukafika 26, wote mmepanda asilimia 30. Na wewe hushindani naye, we unashindana na ubao wa boti, na ubao haujiongezei urefu.

La kuwa dume. Homoni inayomnenepesha mwanaume misuli ni testosteroni, na mwanaume anayo mara 10 mpaka 15 au zaidi kuliko wewe. Mi nimebeba chuma miaka mitatu, magauni yangu ya harusi za ndugu yote bado yananiingia, kilichobadilika ni bega limekaa vizuri na mgongo hauniumi nikifua. Wale wanawake unaowaona kwenye picha wametuna kama tofali wamefanya kazi hiyo miaka na miaka, wanakula kwa kupima na wengine wanatumia madawa. Hauamki asubuhi ukajikuta hivyo.

Sasa pushapu. Watu wanadhani pushapu ni kitu kidogo. Pushapu ya chini kabisa unasukuma karibu asilimia 64 ya uzito wako. We una kilo 62, hiyo ni kama kilo 40, yaani zaidi ya lile gunia lako! Nani angekupa gunia la kilo 38 siku ya kwanza akakwambia lisukume kwa mikono mitupu? Ukipiga magoti inashuka kwenye asilimia 49. Ukiweka mikono juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60 hivi, miguu chini, inakuwa kama asilimia 41, kwa hiyo kilo 25. Kwa hiyo anzia juu. Anza na meza imara iliyosukumizwa ukutani, mikono upana wa mabega, mwili umenyooka kuanzia kisigino mpaka kichwa kama mwiko, shuka taratibu mpaka kifua kiguse ukingo, panda. Ukiweza mara 12 safi, hamia kwenye kitu kifupi zaidi, ukingo wa kitanda, halafu kigoda, halafu chini. Mi nilikaa kwenye meza wiki tatu, kwenye kitanda mwezi mzima. Ile ya magoti sikuipenda, kiuno kilikuwa kinabaki nyuma nikawa nasukuma kwa shingo, lakini kuna wanaoipenda.

Nitarudi kueleza kuvuta, mtoto ananiita.

---

MamaMapacha

Mi ntasema tofauti kidogo na msinielewe vibaya. Huyu dada tayari anafanya kazi nzito kuanzia alfajiri. Mama yangu mzazi alibeba kuni maisha yake yote huko Kasulu, na sasa hivi ana miaka 60 na kitu hawezi kunyooka. Kama kazi ngumu ingekuwa inaleta nguvu basi mama angekuwa jabali. Sasa mtu amechoka, amerudi saa kumi na mbili, ana watoto, ana mume, mnamwambia apige tena pushapu. Si mtamuua? Bora atafute kijana mwaminifu wa kumsaidia mzigo.

---

KochaGungu

Mama Mapacha umesema jambo la maana na ndo linalowachanganya wengi. Kazi na mazoezi ni vitu viwili. Kazi haikuulizi leo umeamkaje, gunia ni kilo 38 Jumatatu na ni kilo 38 Jumapili hata kama una homa, na unabeba umepinda vilevile kila siku, upande uleule, bila mapumziko. Hapo mwili unalika. Mazoezi unaanza na mzigo mdogo kuliko uwezo wako, unaongeza kidogo kidogo, halafu unapumzika siku mbili misuli ijijenge. Msuli haujengeki wakati unanyanyua, unajengeka ukiwa umelala na umekula. Mama yako hakuwahi kupewa hiyo nafasi, pole yake sana.

Na hatumpi kazi ya kila siku. Mara mbili kwa wiki, dakika 25, inatosha kabisa. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hawakusema wanaume peke yao.

Dada BintiKibirizi, mimi nafundisha vijana hapa Gungu, vyuma vyetu ni makopo ya rangi tumejaza zege na bomba katikati, kwa hiyo jimu ya vioo usiililie. Na huyo aliyekupeleka kwenye baiskeli amekukosea, mteja ukimwambia unataka mikono anakupa mikono.

Kuhusu kujivuta nikwambie kitu. Marekani wana kikosi chao cha Marine. Miaka mingi wanawake wa kule walikuwa wanapimwa kwa kuning'inia kwenye bomba wamekunja mikono, wakitakiwa kukaa hapo kwa sekunde kadhaa. Baadaye wakubwa wakaamua wanawake nao wajivute mpaka kidevu kivuke bomba, angalau mara 3. Mwishoni mwa 2013 zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa mafunzoni walishindwa, ikabidi utaratibu uahirishwe. Hao ni askari, vijana, wanakimbia kila siku! Kwa hiyo usijione wewe ndo dhaifu. Walikuwa wamezoeshwa kuning'inia, wakapimwa kujivuta. Kila kitu kina mazoezi yake.

Boti yako nayo ina mambo mawili ndani yake. Kwanza unavuta, hapo unatumia mgongo, yale mapande mapana ya chini ya makwapa, pamoja na mikono ya mbele na mshiko wa vidole. Halafu kifua kikishavuka ubao unageuza unasukuma chini, hapo ni nyuma ya mkono na kifua. Watu wengi wanaishia katikati, pale pa kugeuza, na ulivyosema kifua kinagota kwenye mbao ndo hapo hapo. Kwa hiyo pushapu peke yake haitakuingiza botini, na kuvuta peke yake nako hakutoshi.

---

Mvuvi_Katonga

Mi sio wa mazoezi ila wa maji. Dada usisubiri mikono ipate nguvu ndo upande kwa heshima. Chukua kamba nene mita moja na nusu, funga kitanzi chini, juu funga kwenye ubao wa kukalia wa ndani, kitanzi kining'inie nje chini kidogo ya maji. Unaweka mguu unapanda kama ngazi, mikono inasaidia tu. Nahodha yeyote mwenye akili atakubali, na akikataa tafuta boti nyingine zipo nyingi. Sisi tukiangukia ziwani usiku na makoti yamelowa hatuwezi kujivuta hivihivi, tunatumia hiyo hiyo kamba. Na ukiruka, ruka na miguu kwanza, piga chini kwa nguvu ndo uvute, usivute ukiwa umetulia.

Na huyo aliyekushika vibaya mseme kwa nahodha na kwa viongozi wa mwalo. Mimi nina binti.

---

Mnyamwezi_Isevya

Nimerudi. Mvuvi umenifurahisha sana na hiyo kamba, dada anza nayo kesho.

Kuvuta sasa. Chukua dumu la lita 5 lenye mpini. Likijaa maji ni kilo 5, ukijaza mchanga mkavu inafika kama kilo 8, na huko kwenu mchanga sio wa kununua. Lijae kabisa, usiache nusu, maji yakicheza ndani mkono unahangaika ovyo. Weka mkono wa kushoto kwenye kiti, inama mgongo ukiwa umenyooka kama meza, dumu mkono wa kulia linaning'inia, vuta mpaka kwenye nyonga, sio kifuani, NYONGA, kiwiko kikipita karibu na mbavu kama unavuta kamba ya kuwasha jenereta lakini taratibu, shusha kwa kuhesabu mpaka tatu. Mara 8 mpaka 12 kila mkono, pumzika dakika mbili, rudia mizunguko mitatu. Utajua unafanya sawa kama unahisi chini ya kwapa kwa nyuma, ukihisi shingoni tu ujue umepandisha bega.

Afu mwembe. Tafuta tawi lenye unene ambao mkono wako unaweza kulishika vizuri, ning'inia tu. Usijivute. Ning'inia na mabega yameshuka, yasikufikie masikioni. Siku ya kwanza mi nilikaa sekunde 9 vidole vikafunguka vyenyewe. Ukifika sekunde 30 ndo unaanza kushuka, yaani unapanda kwenye kigoda kidevu kiwe juu ya tawi tayari, unaondoa miguu unashuka pole pole kwa sekunde tano. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda lakini kunajenga misuli ileile. Mara tatu tu zinatosha, nne ukijisikia. Kesho yake utashindwa kuchana nywele, usiogope, ni kawaida wiki ya kwanza.

La tatu ni kusukuma dumu juu ya kichwa, umesimama, umekaza tumbo na makalio, mkono mmoja mmoja. Basi. Pushapu, kuvuta, mwembe, kusukuma juu. Usiongeze kitu kingine miezi miwili ya mwanzo hata ukiona video gani.

Na kila zoezi acha ukiwa umebakiza kama mara mbili ambazo ungeweza. Usijiue. Ila pia usicheze, ukifanya mara 12 huku unapiga stori ujue dumu ni jepesi. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinapanda haraka na mkono haujanenepa hata kidogo, hapo ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiita misuli uliyonayo tayari, misuli yenyewe inafuata baadaye.

MamaMapacha suala la kuchoka ni la kweli, mi mwenyewe nilishafanya nikiwa nimechoka nikateguka bega wiki mbili. Ushauri wangu dada tumia mbalamwezi. Siku za mwezi mkubwa wavuvi hawaingii ziwani, dagaa hamna, si ndio? Hizo siku ndo uongeze uzito. Siku za giza, kazi imepamba moto, fanya mizunguko miwili tu ulale.

---

NesiZamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nimefanya wodi ya wazazi miaka kadhaa, ngoja niseme hili la kizazi maana nalisikia kila siku kliniki.

Kizazi kimeshikwa na mishipa na misuli ya chini ya nyonga, hakisogei kwa sababu umenyanyua dumu. Mazoezi ya nguvu hayazuii mimba na hayaharibu uzazi. Maneno haya haya waliambiwa wanawake waliotaka kukimbia mbio ndefu, na marathoni ya wanawake kwenye Olimpiki imeanza 1984 tu pale Los Angeles. Kunyanyua vyuma ndo kulichelewa zaidi, wanawake waliruhusiwa Olimpiki ya Sydney 2000. Wengi wa hao wana watoto wao leo.

Lakini sitaki nidanganye upande wa pili pia. Kuna akina mama ambao misuli ya chini imelegea baada ya kuzaa, hasa waliozaa mara nyingi au uchungu uliokuwa mrefu. Ukikohoa au ukinyanyua mkojo unakutoka, au unahisi kitu kizito kinashuka ukeni, usianze kunyanyua kabla hujaenda hospitali kuangaliwa. Kuna mazoezi ya kubana hiyo misuli ambayo utafundishwa na yanasaidia sana, msione aibu, mnakaa na hilo tatizo miaka kumi kimya kimya. Kwa aliyejifungua karibuni au kwa upasuaji, subiri mpaka kliniki wakuangalie, kawaida kwenye wiki ya sita. Mjamzito ambaye hana tatizo anaweza kuendelea na mazoezi mepesi, ila aongee na mhudumu wake, na akiona damu au maumivu aache hapo hapo.

Na jambo moja la kufanya wote: usizuie pumzi unaponyanyua. Toa pumzi wakati unasukuma au unavuta. Ukibana pumzi presha yote inashuka chini, na huko ndo hatutaki.

Kitu kingine ni mifupa. Hedhi ikikoma homoni zinashuka na mifupa inaanza kupungua uimara, ndo hao bibi zetu wanaanguka bafuni wanavunjika nyonga au kifundo cha mkono. Kunyanyua uzito kunaupa mfupa sababu ya kubaki imara. Kwa hiyo dada wa miaka 29 unachoanza leo kitakusaidia mbele huko, na MamaMapacha hata mama yako, bibi wa mapacha, anaweza kuanza na vidumu vya lita moja akiwa amekaa kwenye kiti, ila mgongo wake uangaliwe kwanza.

---

KochaGungu

Nesi asante, hiyo ya pumzi naifundisha kila siku.

Niongeze msosi maana bila chakula mnapoteza muda. Anayejenga misuli lengo zuri ni protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 62 ni karibu gramu 100 kwa siku. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni yale makopo ya unga wa bei mbaya. Dada wewe umelala juu ya protini! Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu 50 za dagaa, viganja viwili hivi, ni karibu gramu 30. Weka maharage, yai, kipande cha mgebuka, maziwa ukipata, umefika. Tatizo naliona kwa akina mama wafanyabiashara wa dagaa ni kwamba dagaa wote wanaenda sokoni, nyumbani watoto wanakula na mama anamalizia ugali na mchuzi. Kula dada. Weka kiroba kimoja pembeni kila mwezi, andika ni cha mama.

Na kwa anayedhani mpaka vyuma vya dukani, kuna mwanamke wa Ufilipino anaitwa Hidilyn Diaz. Mwaka 2020 korona ilimkuta Malaysia, kila kitu kikafungwa, hakuwa na vyuma. Akachukua mti, akaning'iniza madumu ya maji huku na huku, akawa ananyanyua hayo. Julai 2021 Olimpiki ya Tokyo, kundi la kilo 55, akanyanyua kilo 127 juu ya kichwa, jumla na ile ya kwanza ya 97 zikawa 224, dhahabu ya kwanza ya nchi yao tangu waanze kushiriki Olimpiki. Mwanamke mdogo kuliko wewe kwa kilo saba, na madumu.

Gunia sasa, hili halisubiri. Usilinyanyue kwa kuinama mgongo. Lisimamishe, chuchumaa lifuate, likumbatie lishike kifua, simama kwa miguu, na miguu yako ni mizuri umesema mwenyewe. Likishapanda liweke juu ya mapaja ukiwa umechuchumaa nusu, shika upya, halafu ndo ulipeleke kwenye guta. Hatua mbili, sio moja. Wanaolivuta kwa mara moja ndo wanaozeeka na miaka 40. Na mpaka miezi miwili ipite pandisheni watu wawili.

---

MamaMapacha

Nimewaelewa. Kweli mama hakuwahi kupumzika. Nitaanza naye hivyo vidumu vya lita moja baada ya kumpeleka akaangaliwe mgongo. Nesi naomba nikuulize jambo inboksi, ni lile la kukohoa.

---

NesiZamu

Karibu sana mama, niandikie.

---

BintiKibirizi

Nimerudi, leo ni wiki ya tisa. Samahanini nilikuwa kimya, nilisema sitaandika mpaka niwe na kitu cha kusema.

Kamba nilianza nayo ile ile wiki. Nahodha wa kwanza alicheka, wa pili akaifunga mwenyewe, sasa hivi wamama wote tunaopanda boti yake tunaitumia. Yule kijana nilimsema kwa nahodha na haji tena kwenye boti hiyo.

Mazoezi nimefanya Jumatatu na Alhamisi, nimekosa mara tatu tu, mbili mtoto alikuwa anaumwa na moja dagaa walikuwa wengi mno tumekesha mwaloni. Nilianza pushapu za meza, sita tu, ya saba mikono ikakataa. Sasa nafanya kumi za kigoda, na Jumapili iliyopita nilijaribu chini. Nilishuka, nikakaa pale chini kama dakika nzima nikifikiri, nikasukuma. Ikapanda! Nikashuka tena nikapanda tena. Mbili. Mdogo wangu alikuwa anakula akaacha kijiko.

Mwembe nilianza sekunde 12 sasa hivi 40. Kushuka pole pole nafanya mara nne. Kujivuta kupanda bado, napata nusu tu, paji la uso linafika kwenye tawi halafu basi. Kwenye boti mguu bado nauweka kwenye kitanzi lakini kifua hakigoti tena kwenye ubao, nikishavuta nageuza mikono nasukuma chini kama kocha alivyosema na najikuta nimekaa ndani. Hajanishika mtu tangu mwezi uliopita.

Magunia tunapandisha mimi na wifi yangu, naye nimemwanzisha madumu. Hatujamlipa mtu safari mbili hizi. Kiroba cha mama nimekiweka, mama mkwe alikiona akauliza ni cha nani, nikamwambia, hakujibu kitu, ila juzi nimemkuta ananing'inia kwenye mwembe wangu miguu iko chini, anasema ananyoosha mgongo.

Sasa maswali mawili. Dumu la mchanga la kilo 8 navuta mara 12 mizunguko yote na ya mwisho sio ngumu sana, niende dumu la lita 10 moja kwa moja? Na kiwiko cha kulia kwa ndani kinauma kidogo siku inayofuata baada ya mwembe, kinaisha baada ya siku moja.

---

Mnyamwezi_Isevya

Dada nimepiga kelele ofisini mpaka wameniuliza kuna nini. Mbili za chini!!

Usiende lita 10 ya mchanga, hiyo itakuwa kilo 16, ni mara mbili. Chukua dumu la lita 10 jaza maji yajae, hapo ni kilo 10. Ukiweza mara 12 mizunguko yote mitatu kwa wiki mbili mfululizo, mwaga maji yote, jaza mchanga mkavu lita 7 uupigepige ushuke, ni kama kilo 11. Hivyo hivyo kidogo kidogo.

Kiwiko ni mshiko. Unabana tawi sana, na inawezekana tawi ni nene. Wiki mbili ning'inia tu bila ile ya kushuka, funga kitambaa kwenye tawi lisiteleze ili usibane kwa nguvu. Ikiendelea kuuma zaidi ya siku mbili kila mara, simamisha mwembe kabisa uendelee na dumu tu, na umwone daktari.

Paji la uso kufika kwenye tawi sio nusu, ni robo tatu. Ukipata ya kwanza nzima njoo uandike hapa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.